Kupanga jeti za kabureta kwenye pikipiki ya matairi manne iliyoongezwa nguvu, kwa hewa na vumbi la Dodoma

Vijana wanaoniletea pikipiki za matairi manne hapa Kizota huanza na swali moja: "Fundi, niweke jeti namba ngapi?" Jeti ni kile kipande cha shaba chenye tundu linalopimia petroli ndani ya kabureta. Wameshafunga ekzosi ya wazi, wametoa boksi la kichujio na kuvalisha sponji, wengine wamebadilisha kabureta nzima, halafu mashine inapiga risasi kwenye ekzosi, haikai sailensa (inazimika usipoivuta mafuta), na ukivuta mafuta inazubaa. Namba siwapi. Nawapa njia ya kuipata, na ndiyo nitakayoieleza hapa.

Mfano wangu ni kwadi moja, yaani pikipiki ya matairi manne, ya shamba la zabibu kule Mpunguzi. Ni ya Kichina, cc 200, injini ya mtindo wa Honda CG, ile inayopoozwa kwa upepo. Inavuta tela la kreti wakati wa mavuno na tanki la maji wakati wa kupulizia dawa, na barabara za shambani ni mchanga mtupu. Mwenye shamba alitaka nguvu zaidi, tukafunga ekzosi nyepesi, kichujio cha sponji, na kabureta ya PZ30, yenye koo pana zaidi, mahali pa PZ27 iliyokuja nayo. Kabureta mpya ilikuwa na jeti kubwa (ya kufungua mwisho) ya 115 na jeti ndogo (ya sailensa) ya 40. Hizo ni namba za kuanzia tu. Mashine yako itakuwa na zake.

Kwanza uelewe hewa unayoipumua. Dodoma mjini tupo kwenye mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Inanyonya petroli kwa mvuto unaotokea hewa inapopita kooni kwa kasi, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi mchanganyiko unazidi mafuta. Hapo wengi hukimbilia kupunguza jeti kwa hatua nyingi, na wanakosea hesabu. Hewa kupungua kwa asilimia 10 hupotosha mchanganyiko kwa asilimia 5 hivi, siyo 10. Tena petroli inapita kwenye eneo la tundu, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo kipenyo cha jeti kinatakiwa kipungue kwa asilimia 2 au 3 tu. Jeti ya 120 iliyokuwa sawa Dar inataka iwe 117 hapa. Ni hatua moja ndogo. Ekzosi ya wazi na sponji, kwa upande wao, huweza kudai hatua mbili, tatu, hata nne kwenda juu. Mwinuko unavuta chini, mabadiliko yako yanavuta juu, na jibu lipo katikati mahali ambapo hakuna video ya mtu wa ng'ambo inayoweza kukuonyesha.

Hesabu hiyo ya mraba uikumbuke unaponunua. Kwenye jeti za mtindo wa Keihin, ambao kabureta nyingi za Kichina zimeunakili, 120 maana yake ni tundu la milimita 1.20. Kutoka 110 kwenda 120 unaona umeongeza kidogo, kumbe eneo limekua kwa asilimia 19. Jeti za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zina hesabu nyingine, zinapimwa kwa kiasi cha mafuta kinachopita, kwa hiyo 120 ya Mikuni usiifananishe na 120 ya Keihin.

Na namba iliyochongwa kwenye jeti ya dukani usiiamini kwa macho. Mimi nina bomba la sindano la mililita 60 nililonunua duka la dawa za mifugo. Nimelitoa msukumo wake, nimelivalisha kipande cha mpira mwembamba mdomoni, na jeti inakaa ubanani mwishoni mwa mpira. Najaza maji hadi mstari wa 60, naachia, napima muda kwa simu hadi maji yafike 10. Narudia kwa kila jeti, bomba likiwa limesimama kwa urefu uleule. Jeti ya 120 inatakiwa iwahi kumaliza kuliko ya 115 kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya muda. Zikilingana, mojawapo inasema uongo, na umeshaokoa mchana mzima wa kuhangaika na mashine isiyobadilika. Maji yanatosha, usitumie petroli kwa kipimo hiki.

Sasa nasema jambo linaloniuma. Acheni kuchokonoa jeti kwa uzi wa kebo ya breki, na acheni kuitanua kwa sindano ya kushonea. Jeti ni shaba nyeupe laini, waya wa breki ni chuma kigumu. Ukisugua ndani mara mbili tatu tundu linapoteza uduara, linapata mikwaruzo, na mafuta hayapiti tena kwa mpangilio. Baada ya hapo namba 115 iliyoandikwa haina maana yoyote, na fundi anayekuja baada yako anakisia gizani. Jeti iliyoziba iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo wa kompresa, kisha iangalie kwenye mwanga. Ikikataa, nunua nyingine. Bei ya jeti haifiki hata robo ya bei ya pistoni na ringi zake.

Kabla ya kugusa jeti yoyote, hakikisha tatizo ni la jeti. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa injini za CG ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Weka plagi mpya, kwa injini hii ni NGK D8EA au inayolingana nayo, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Halafu tafuta hewa ya wizi. Mashine ikiunguruma sailensa, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi (bomba la kutoka kabureta kwenda injini), gasketi ya kabureta na mpira wa kuunganishia. Mlio ukibadilika, hapo pana mwanya, na hakuna jeti itakayoutibu. Manifodi za mpira kwenye jua letu hupasuka kwa chini, upande usioonekana, kwa hiyo ikunje kwa mkono uangalie.

Kuna na kifuniko cha tenki. Kina kitundu cha kupumulia, na vumbi la barabara za kwetu hukiziba kabisa. Mashine inakimbia vizuri dakika kumi, halafu inakosa mafuta kana kwamba jeti ni ndogo, ukisimama na kufungua kifuniko inarudi hai. Nimeona watu wakipandisha jeti hatua kwa hatua kwa sababu ya kitundu hicho. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa, fungua koki na uache kifuniko kimefungwa: mafuta yatiririke mfululizo bila kufifia.

Floti nayo, lile boya linaloshika kimo cha mafuta ndani ya bakuli. Geuza kabureta kichwa chini, bakuli likiwa limetolewa, uangalie floti ikiwa imegusa tu kile kipini chenye ncha bila kukikandamiza. Kwenye kabureta za aina hii mstari wa ungio wa floti unakuwa sambamba na uso wa kabureta. Njia ya uhakika zaidi ni kutazama mafuta yenyewe: valisha mpira wa kuonyesha ndani kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, hata mpira wa dripu unafaa kwa kazi ya dakika chache, uukunje juu kando ya bakuli, legeza skrubu ya kumwagia. Mafuta yatasimama ndani ya mpira kwa kimo kilekile cha ndani. Yakae milimita chache chini ya ungio la bakuli. Yakipita ungio, kila jeti utakayofunga itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Yakiwa chini mno, kila jeti itaonekana ndogo. Hakuna kupanga jeti juu ya floti isiyo sawa.

Kazi hii ifanyie nje, penye upepo. Jirani yangu ni mchomeleaji, na bakuli la kabureta silifungui hadi azime mashine yake. Chombo cha mafuta kiwe na kifuniko, na injini isiunguruzwe ndani ya chumba, moshi wake una gesi inayoua, isiyo na harufu ya kukuonya.

Kipande cha utepe mweupe bandika kwenye kifuniko cha kiwiko cha kidole gumba, pale unapovutia mafuta, na kingine kwenye kiwiko chenyewe. Piga mstari mahali pa kufunga, thumni (sehemu moja ya nane), robo, nusu, robo tatu na mwisho. Bila mistari hiyo utaniambia "inamisi katikati" na mimi sitajua katikati ni wapi. Kila sehemu ya kabureta ina eneo lake. Kutoka kufunga hadi karibu thumni ni jeti ndogo na skrubu yake ya mchanganyiko. Kutoka hapo hadi robo na kidogo ni mkato wa chini wa slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka kooni unapovuta mafuta. Robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia chini ya slaidi. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Maeneo haya yanaingiliana, hayana ukuta kati yake, lakini yanakutosha kujua mkono upeleke wapi. Jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: mistari hii inahusu ufunguzi wa slaidi, siyo kasi. Unaweza kwenda polepole mchangani na umefungua mwisho. Hapo unatumia jeti kubwa hata kama mguu wa mtu unaweza kukupita.

Mpangilio wangu ni huu: jeti ndogo kwa kiasi cha kuiwezesha mashine ikae sailensa, kisha jeti kubwa, kisha sindano, kisha narudi kwenye jeti ndogo kuimalizia. Wapo wanaopanda moja kwa moja kutoka chini kwenda juu. Siwapingi, lakini jeti kubwa ikiwa mbali na ukweli inaharibu usomaji wa sindano, kwa hiyo mimi naitanguliza. Na kila mara badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha jeti na sindano kwa pamoja, mashine ikipona hutajua imeponywa na nini.

Washa, iache ipate joto kamili, choki ikiwa haijavutwa. Tafuta skrubu ya mchanganyiko uone iko upande gani. Ikiwa upande wa kichujio ni skrubu ya hewa: kuilegeza kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini ni skrubu ya mafuta: kuilegeza kunaongeza mafuta. Kazi zao ni kinyume, na nusu ya mabishano ya vijiweni kuhusu kabureta yanatokana na hili tu. Ikaze taratibu hadi iguse, usiikandamize kwa sababu ncha yake inavunjika, halafu ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Sasa izungushe robo robo huku na huku hadi upate mlio wa juu na ulio tulivu. Mlio ukipanda, shusha sailensa kwa skrubu ya slaidi, urudie.

Ukiona mahali pazuri ni zaidi ya mizunguko miwili na nusu, au ni chini ya robo tatu ya mzunguko, jeti ndogo hailingani. Kwa skrubu ya mafuta, kulegeza sana maana yake jeti ni ndogo mno. Kwa skrubu ya hewa, kulegeza sana maana yake jeti ni kubwa mno. Kwadi ya Mpunguzi ilitaka skrubu ya mafuta karibu mizunguko mitatu, nikapandisha jeti ndogo kutoka 40 hadi 42, ikatulia kwenye mmoja na robo tatu. Dalili za kukauka (mafuta kuwa machache mno kwa hewa) hapa chini: ukiachia mafuta mlio unaning'inia juu kabla ya kushuka, na ekzosi inapiga risasi ukishuka mteremko. Kabla ya kulaumu jeti kwa risasi hizo, pitisha mkono kwenye ungio la ekzosi na hedi, bila kugusa, uhisi kama linavuja. Hewa inayoingia hapo inaleta sauti ileile.

Jeti kubwa inataka uwanja. Mimi natumia barabara ya shambani iliyonyooka, ya kupanda kidogo, isiyo na watu wala mifugo, saa ambayo hakuna wanafunzi njiani. Helmeti kichwani, viatu vya kufunika. Anza na jeti unayojua ni kubwa kupita kiasi, kisha shuka. Usianze na ndogo ukapanda. Petroli huungua sawasawa kwenye gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, lakini injini iliyofunguliwa mwisho inatoa nguvu kubwa kwenye 12.5 hadi 13, na yale mafuta ya ziada yanasaidia kupooza chumba cha moto. Injini ya upepo inayovuta tela kwenye mchanga, mwendo mdogo, jua la Oktoba la nyuzi joto 31 au 32, haina kitu kingine cha kuipooza. Ikizidi mafuta inakunyima nguvu kidogo na kukuchafulia plagi. Ikikauka inatoboa pistoni.

Gia ya tatu, fungua mwisho, ishikilie. Ikiwa imezidi mafuta utasikia mlio mzito wa kukatakata, inakataa kupanda resi ya juu, na moshi mweusi unatoka nyuma. Shuka hatua moja, rudia. Itafika mahali mlio unasafika na inavuta hadi juu. Shuka hatua moja zaidi uone: nguvu ikipungua au ikibaki vilevile, rudi juu kwenye ile iliyotangulia uiache hapo. Kwadi ya Mpunguzi nilianza na 130, ikawa inakabwa. 125 ikasafika nusu. 120 ikavuta vizuri. 117 ikavuta vilevile lakini plagi ikawa nyeupe. Nikafunga 120.

Kuna vipimo viwili vya kuthibitisha bila kufungua kitu. Ukiwa umefungua mwisho, rudisha kidole kidogo sana: mashine ikiongeza nguvu badala ya kupunguza, jeti kubwa ni ndogo. Cha pili, ukiwa mwisho vuta choki kidogo: ikichangamka imekauka, ikizubaa iko sawa au imezidi. Usiendelee kuvuta choki ukishapata jibu.

Kisha plagi. Funga mpya, endesha kwa kufungua mwisho umbali wa kutosha, halafu kwa pamoja bana klachi na uzime injini kwa swichi, uache ikutembeze hadi isimame. Kama kwadi yako haina klachi ya mkono, izime na utoe gia mara moja. Ukiiacha iungurume sailensa kabla ya kufungua, utakuwa unasoma jeti ndogo badala ya kubwa. Plagi ni ya moto, tumia spana yake na kitambaa. Petroli ya sasa haina madini ya risasi, rangi haiji haraka, kwa hiyo usitazame ncha tu. Tazama chini kabisa ndani, pale kaure inapozama kwenye chuma: pete ya hudhurungi hafifu ni nzuri. Nyeupe kama chaki, yenye vidonge vidogo vinavyong'aa, simama hapohapo usiendeshe tena kabla ya kuongeza jeti. Nyeusi ya masizi makavu, imezidi mafuta. Nyeusi yenye unyevu wa kuteleza ni oili inayopanda, na hiyo ni kazi ya ringi au sili za valvu, kabureta haihusiki.

Sindano ndiyo utakayoishi nayo, kwa sababu shambani muda mwingi kidole kiko kati ya robo na robo tatu. Kwa kawaida ina mikato mitano ya klipu, hesabu kutoka kwenye kichwa butu. Klipu ikipanda juu, sindano inashuka, mafuta yanapungua. Klipu ikishuka, sindano inapanda, mafuta yanaongezeka. Anza mkato wa tatu. Endesha kwa nusu, gia ya tatu na ya nne, kwa mzigo. Ikisitasita kwa kurukaruka na injini inapata joto haraka, shusha klipu. Ikinguruma kwa uzito na plagi inachafuka baada ya kazi ya taratibu, pandisha. Ile ya Mpunguzi ilitulia mkato wa nne, na nilijua kwa sababu dereva wake aliniambia tela lililojaa sasa linaondoka kwenye mchanga bila kupigiwa resi. Maneno ya dereva yapeni uzito. Yeye anakaa juu yake kutwa nzima.

Ikizubaa pale tu unapovuta mafuta ghafla, halafu inashika, angalia kama kabureta yako ina pampu ndogo ya kurushia mafuta. PZ30 nyingine zinayo, nyingine hazina. Itoe kabureta, fungua slaidi kwa haraka uone uzi wa petroli ukirushwa kooni. Kama hakuna, utando wa pampu umekauka. Kama kabureta yako haina pampu, ongeza kidogo kwenye skrubu ya mchanganyiko na ujifunze kuvuta kwa mpangilio, kwa sababu koo pana hupunguza kasi ya hewa chini na hilo jeti haliondoi. Mkato wa slaidi mimi siugusi isipokuwa vingine vyote vimekaa sawa na bado pana pengo kwenye robo.

Vumbi limebeba neno langu zito kuliko yote. Yote niliyoeleza yafanywe kichujio kikiwa safi, kimepakwa oili, na kimefungwa mahali pake. Wapo wanaopanga jeti bila kichujio ili wasikie mlio mzuri, halafu wanakirudisha na mashine inazama kwenye mafuta. Mbaya zaidi, wapo wanaoiacha wazi. Kuanzia Julai upepo wa huku unabeba mchanga laini kama unga, na mchanga huo ukipita kabureta unasaga silinda kwa kila mpigo. Nguvu unayoipata kwa kutoa kichujio unailipia na ovaholi kabla ya mvua za Desemba. Sponji ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikamue bila kuisokota, ikauke kivulini, uipake oili ya vichujio hadi rangi iwe moja pote, ukamue ziada. Petroli usioshee, inavunja gundi ya maungio. Paka grisi kidogo mdomoni inapokaa. Juu yake mimi navalisha soksi ndefu ya kike, ile nyepesi. Inashika vumbi la mwanzo, na unaivua kuikung'uta shambani bila kufungua chochote. Kumbuka pia kwamba sponji iliyojaa vumbi inabana hewa na kuongeza mafuta. Mashine ikianza kunguruma kwa uzito katikati ya wiki ya mavuno, osha kichujio kabla ya kuwaza jeti.

Majira nayo yanaisogeza. Alfajiri ya Julai hapa ni nyuzi 14 hivi, na hewa baridi ni nzito, inakausha mchanganyiko. Ukipanga mchana wa Novemba ukaacha jeti kwenye ukingo wa chini, alfajiri ya baridi itaivuka. Ndiyo maana kati ya jeti mbili zinazovuta sawa mimi nachagua kubwa. Baada ya kupanga mchana, kairudie kazi ya plagi asubuhi moja ya baridi.

Andika kila kitu kwenye daftari: saa, joto, jeti zote mbili, mkato wa klipu, mizunguko ya skrubu, rangi ya plagi. Namba za mwisho ziandike kwa rangi isiyofutika chini ya kiti.

Ukihamisha mashine, fikiria mwinuko. Kuipeleka Kondoa au Iringa, ambako ni juu kuliko huku, itazidi mafuta kidogo na kupoteza nguvu, haitaumia. Kushuka ndiko kwa kuogopa. Mtera iko chini yetu kwa karibu mita 400, Morogoro kwa mita 600, na Dar es Salaam ni hadi baharini; kadiri unavyoshuka hewa inakuwa nzito na jeti ileile inakauka. Kwa Mtera, jeti iliyochaguliwa kwa upande wa kuzidi inahimili, ila kagua plagi ukifika. Kwa Morogoro na Pwani funga hatua moja juu kabla ya kuipakia kwenye gari. Kwadi ya Mpunguzi ina 122 na 125 kwenye kichupa kidogo ndani ya boksi la spana, pamoja na gasketi ya bakuli na bisibisi bapa inayokaa sawasawa kwenye mfereji wa jeti. Ukibadilisha, kaza kwa vidole viwili tu vya mkono, fungua koki, subiri bakuli lijae, uhakikishe hakuna tone chini kabla ya kuwasha.